Bado Mmoja

Chupa ya chanjo ilikuwa ndogo, haizidi kidole gumba, na ndani yake mlikuwa na dozi tano. Ukishaitoboa kwa sindano haingoji kesho. Jioni ikifika hujapata watu watano, kilichobaki unakimwaga, na mwisho wa wiki unaulizwa kwa nini umekimwaga. Basi pale kituoni tukajiwekea sheria moja: chupa haifunguliwi mpaka wapatikane watano. Kila asubuhi nilisimama mlangoni pa chumba changu, mkono kiunoni, nikiita korido nzima isikie: "Bado watatu! Bado wawili! Bado mmoja!" Wenzangu walinitania kwamba nilikosea kazi, ningefaa zaidi kupiga debe stendi.

Kituo chetu cha afya kiko mitaa michache kutoka soko la Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi. Dirisha la chumba cha chanjo ukilifungua unapata hewa, lakini unapata pia spika ya muuza vyombo inayorudia tangazo lile lile kutwa. Mimi ni muuguzi. Nilizaliwa Moshi nikaletwa mjini nikiwa na miaka sita, kwa sababu baba alikuwa na duka la jumla la sabuni na mafuta hapo hapo Kariakoo, duka ambalo sasa analo kaka yangu. Kwa hiyo Kiswahili changu ni cha dukani, cha kumalizana na mteja haraka ahudumiwe mwingine. Nalitaja hilo kwa sababu mtu ninayetaka kumweleza hakuweza kukisikia Kiswahili kikiharibiwa akanyamaza.

Tulimwita mama dobi. Alifua mashuka ya kituo tangu kabla sijaajiriwa, katika chumba cha nyuma chenye karo mbili na sufuria moja kubwa la kuchemshia. Mzaliwa wa Ilala, nyumba ya urithi, na kifuani alikuwa na pumu ya tangu utotoni. Umri wake hakuna aliyethubutu kuuuliza. Ukipita mlangoni kwake ukasema, "Mama, sisi tunaenda kula," unajibiwa bila kuinuliwa uso: "Tunakwenda. Hiyo 'kw' umeiacha wapi?"

Hakuchagua mtu. Mganga mfawidhi wetu, daktari mkuu wa kituo, siku za mwanzo za ugonjwa uliozuka dunia nzima alibandika tangazo getini: "Hairuhusiwi kutokuingia bila barakoa." Mama dobi alilisoma kwa sauti, beseni la mashuka kiunoni, kisha akaenda kugonga ofisini. "Daktari, pale getini umetuamrisha tuingie bila barakoa." Tangazo lilibanduliwa kabla ya saa nne.

Siku zile tulikuwa waoga sana, na barakoa zilikuwa za kuhesabu. Ni yeye aliyechukua mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji, yaliyochakaa katikati lakini pembeni bado mazima, akatushonea barakoa mbilimbili kila mtu. Akaanza pia kutupikia nyungu. Malimao, tangawizi, majani ya mpera na mkaratusi, vyote ndani ya lile sufuria la mashuka, na sisi tunaingia kwa zamu, tunafunikwa shuka, tunatoka tumelowa macho mekundu. Sikuamini kwamba mvuke unaua kirusi na mpaka leo siamini. Lakini mle ndani ya shuka mama dobi alikuwa akikushika bega asikuache uungue, na baada ya zamu ya saa kumi na mbili ya kuogopana, kushikwa bega lilikuwa jambo kubwa.

Tulimpoteza mtu mmoja, karani wa mapokezi, kijana mcheshi aliyekuwa akimwita kila mgonjwa "bosi." Kwenye karatasi iliandikwa changamoto ya upumuaji, maana ndivyo watu walivyokuwa wakisema wakati ule. Mama dobi aliyafua mashuka yake peke yake, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza aliniuliza, "Changamoto ndiyo jina la ugonjwa gani?"

Chanjo zilipokuja, sisi watumishi wa afya tuliwekwa mbele. Mfawidhi alirudi kutoka kikao cha Posta na orodha yetu imepigwa chapa, akaibandika ukutani. "Chanjo ni hiari," alituambia, "na mwisho wa mwezi nataka kila jina hapa liwe na alama ya vema."

"Hiari inaandikiwa orodha?" mama dobi akauliza kutoka nyuma. "Hiari yashinda utumwa, daktari, sote twajua. Ila hii ya kwenu sijaelewa ni ipi kati ya hizo mbili."

Watu walicheka, na kicheko kile kilinisumbua wiki kadhaa, kwa sababu kazi ya kuwashawishi nilipewa mimi. Mnaweza kudhani watu wa hospitali ni wepesi kuchanjwa. Wapi! Mmoja alisikia utang'ang'aniwa na sumaku begani, mwingine kwamba hatazaa, na waliosema hayo ni watu wanaochoma sindano za watoto kila Jumanne. Niliwaeleza kwa upole, na upole uliponiishia niliwaeleza kwa ukali, maana sina subira na hilo sijalificha. Niliwaambia kwamba homa ya siku moja si kitu, na kwamba yale madhara makubwa yanayotisha watu ni nadra sana. Yote niliyowaambia yalikuwa kweli.

Kasoro ilikuwa moja. Mimi mwenyewe sikuwa nimechanjwa.

Nina shinikizo la damu. Kaka yangu wa dukani alinitumia video ya mtu akieleza habari ya damu kuganda, na ingawa ningeweza kumjibu mtu yule hoja kwa hoja, niliitazama mara nne. Kujua kwa kichwa na kujua kwa bega ni mambo mawili. Kila jioni nilijiambia kesho. Siku moja mfawidhi akapita akaniuliza mbona jina langu, la kwanza kabisa kwenye orodha, halina alama, nami nikachukua kalamu nikaweka alama pale pale mbele yake kama mtu aliyesahau tu.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Kila aliyeniuliza, "Sista, wewe umechanja?" nilimjibu, "Nimechanja." Mtaani kila mtu husema hivyo akimaanisha amepata chanjo. Lakini kwa Kiswahili chenyewe, anayechanja ni mwenye sindano, anayedungwa huchanjwa. Mimi nilikuwa nachanja watu kila siku. Kwa hiyo mdomo wangu haukusema uongo, na niliijua tofauti hiyo vizuri, maana nilifundishwa na mama dobi mwenyewe. Nilijificha nyuma ya herufi moja na nikaona ninatosha.

Yeye alikuwa hajakubali. Kilichomkwaza ilikuwa fomu ya ridhaa, ile yenye maneno "kwa hiari yangu mwenyewe" na mstari wa sahihi. "Sahihi yangu nimeiweka mara mbili duniani," aliniambia, "ya ndoa na ya talaka. Ya tatu nataka iwe ya jambo jema." Nilimwachia fomu juu ya meza ya pasi. Nilikuwa na hofu naye kuliko wengine wote, kwa sababu ya kile kifua, na kwa sababu mashuka ya wagonjwa wa kukohoa yalipitia mikononi mwake kabla ya kufika kwenye maji. Kila nilipopita nilimuuliza, na kila mara alinijibu, "Bado naisoma."

Binti yake wa mwisho ndiye aliyemgeuza, tena bila kusema neno, kwa mimba yake ya miezi saba tu. Mama dobi angekwenda kumlea siku arobaini, amwogeshe mtoto, amkande mzazi. Alikuja kunieleza huku akikunja mashuka. "Sitaki nimbebe mjukuu wangu nikampumulia maradhi. Ijumaa baada ya swala nitakuja."

Alikuja kweli. Saa nane na nusu aliingia amevaa buibui jipya, ananukia udi, na fomu ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la mtandio. Alikuwa ameitia sahihi kwa wino wa bluu, jina lote, herufi zimesimama. Kwenye benchi walikuwepo watatu: mlinzi wetu wa mchana na wasichana wawili wa maabara. Na yeye wakawa wanne.

"Bado mmoja, mama," nikasema.

"Tutangoja."

Tulingoja. Nilizunguka korido nikiita, hakuna aliyejitokeza. Nilitoka mpaka getini, nikawaita wamachinga waliotandaza viatu pale nje, wakanicheka: "Sista, sisi tupo poa, wape wenye magari." Nilirudi. Saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Mmoja wa wale wasichana akaanza kutazama simu yake, akasema shule ya chekechea ya mtoto wake inafungwa saa kumi.

Mama dobi akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nimechanja."

Alinitazama. Hakunitazama machoni, alinitazama mdomoni, na kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Nilijishughulisha na kisanduku cha pamba. Kisha akasema, "Haya," akaikunja fomu yake mara nne, akaifunga tena kwenye pindo.

"Jumatatu asubuhi," nikawaambia wote. "Jumatatu nitapata wa tano."

"Mkifika wanne, niite," akasema mama dobi akiinuka.

Walipoondoka nilifunga friji nikakaa. Naandika hili kwa aibu: nilijisikia nafuu. Chupa ilikuwa humo ndani, watu wanne walikuwa wamekaa mbele yangu, na wa tano alikuwa amesimama na koti jeupe akiwaambia hawajatimia. Nilijua hivyo wakati ule ule, sikuhitaji miezi ili nielewe.

Jumatatu mlinzi alikuwa ameghairi, mkewe kamkataza. Msichana mmoja wa maabara alisafiri. Wiki iliyofuata nilipata wawili, nyingine watatu. Kisha chupa zilizokuwa kwenye friji zikafika mwisho wa muda wake zikarudishwa, na mgawo mwingine ukakawia. Mama dobi nilimwona kila siku, akinisalimu na kunisahihisha, na hakuniuliza kitu. Mimi pia sikumwita. Ningemwitaje, wakati wa tano alikuwa bado yule yule?

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Asubuhi moja nilikuta mashuka yamerundikwa nje ya chumba cha dobi, mlango umefungwa. Nilidhani amechelewa. Saa nne mfawidhi alipigiwa simu na binti yake: mama amebanwa na kifua tangu juzi, alidhani pumu, amepelekwa hospitali kubwa na amewekwa kwenye oksijeni.

Nilikwenda mchana ule. Wageni walikuwa hawaruhusiwi, na sare yangu haikunisaidia. Mlinzi wa pale aliniambia wauguzi wanaotaka kumwona mgonjwa wao wako wengi. Nikasimama getini na chupa ya uji mpaka mtu mmoja wa wodini akakubali kuipokea. Nilifanya hivyo siku kumi na moja mfululizo. Sijui uji aliunywa nani. Mimi si mtu wa sala ndefu, rozari yangu hukaa kwenye droo na vifungo, lakini siku zile niliisali yote nikifika nyumbani, na kila punje niliomba kitu kimoja tu, asife. Siku ya saba binti yake alijifungua mtoto wa kike. Bibi hakuwepo kumwogesha.

Hakufa. Walimtoa akiwa amekonda, anapumzika kila hatua kumi. Nilikwenda kumwona Ilala mara mbili, na mara zote mbili nyumba ilijaa watu, nikakaa ukumbini na maneno yangu nikarudi nayo. Alinishukuru kwa uji. Nilimwambia, kama muuguzi, kwamba chanjo angoje kwanza apone vizuri. Hilo ndilo nililoweza kusema.

Miezi mitatu baadaye, siku ya Jumatano, aliingia kituoni kwa miguu yake akiwa amevaa lile buibui. Mgawo mpya ulikuwa umefika. Kwenye benchi walikuwepo yule mlinzi wa mchana, ambaye mkewe sasa ndiye aliyemleta, dereva wa gari la wagonjwa na mwanafunzi mmoja wa mazoezi. Muuguzi mwenzangu, msichana aliyeajiriwa mwaka ule, alikuwa akiandaa kadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefika wangapi?"

"Na wewe wanne."

"Bado mmoja," akasema yeye, kabla sijafungua mdomo.

Nilimshika mkono nikamwomba tukakae kidogo chumba cha dobi. Alikuwa ameajiriwa mwingine, mashine ya kufulia imenunuliwa, lakini lile sufuria lilikuwa bado pale limefunikwa. Nilimketisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miezi, na yote yakapotea.

"Mama, siku ile wa tano nilikuwa mimi."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Uliposema nimechanja. Tangu nikufundishe hiyo habari ya kuchanja na kuchanjwa hukuwahi kukosea tena, hata unapoandika ripoti. Nikajua umeichagua." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nikasema, kumbe huyu naye anaogopa kama mimi. Nikiuliza tena nitamvua nguo mbele ya watoto wa maabara. Nikaona nikusitiri."

"Ungeuliza tu, mama. Ungeniaibisha."

"Ningejua yatakayokuja ningekuaibisha," akasema. Hakusema kwa ukali, na hakusema pia kwamba haidhuru. Nililia. Aliningoja nimalize, akanipa pindo la mtandio wake nifutie uso, na pindoni nikaigusa ile fomu ya zamani, imekunjwa mara nne.

Tulirudi. Nilivua koti nikalitundika, nikakaa kwenye benchi baada yake. Yule muuguzi mdogo alinitazama kama anayengoja maelekezo, nami nikamwambia afungue chupa, watano wametimia.

Mlinzi akageuka. "Sista, si ulisema wewe umechanja? Na vema lako liko ukutani pale."

Kabla sijajibu, mama dobi alidakia. "Alisema kachanja, na kachanja kweli, nani hapa hajaona? Sogea, umpishe akae vizuri."

Alikuwa ananisitiri mara ya pili, tena kwa herufi ile ile. Ningeweza kunyamaza na mambo yakaisha hapo. "Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa sijachanjwa. Niliwadanganya wote, na vema lile niliweka mwenyewe." Dereva alitazama chini. Mwanafunzi alifanya kama hakusikia, na mlinzi akasogea.

Mama dobi alikuwa wa kwanza, na mimi wa mwisho. Ilipofika zamu yangu nilikunja mkono wa blauzi nikageuza uso upande wa dirisha, mimi niliyewaambia mamia ya watu kwamba haiumi. Hapo nikasikia mama dobi ameushika mkono wangu wa pili. Niliukumbuka mkono ule vizuri tangu siku za nyungu, ulivyokuwa ukikwaruza bega kwa ugumu wa sabuni na maji ya moto ya miaka yote ile. Sasa hakuwa na pumzi ya kukamua hata shuka moja, na kiganja chake kilikuwa kimekuwa laini kabisa.